Sufuria Iliyokataliwa Kwenye Gari

Mwaka ule wa korona safari yetu ya Italia ilikufa, lakini ugomvi wake ulibaki hai: matembezi ya siku moja, twende kwa treni au kwa gari la kukodi? Mume wangu ni mtu wa gari. Mimi ni mtu wa treni, na sitaki maswali.

Masharti yalipolegezwa, tukapanga kutoka Parramatta, mji tunaoishi huku ugenini, kwenda milimani. Akakodi gari jeupe linalong'aa, kisha akaikataa sufuria yangu ya pilau, eti mafuta yatachafua viti. Kwetu Tanga matembezi bila pilau ni kuzurura tu! Nikaifunga sufuria kwa kanga, nikachukua watoto, tukapanda treni. Behewa zima lilivaa barakoa, na bado harufu ilipenya. Watu wakageuka wakitabasamu kwa macho.

Tulifika, tukatandika mkeka, tukala. Yeye alikuwa bado anazunguka akitafuta pa kuegesha. Alipotokea, alikuta ukoko.

Jioni akaomba turudi wote kwa treni.

"Na gari atarudi nalo nani, baba watoto?" nikamwuliza, nikamkabidhi na sufuria, pamoja na mafuta yake.