Faruma ya Baba

Nywele zangu zilianza kunitoka nikiwa bado mwanafunzi, kwa utaratibu uleule zilivyomtoka baba: kwanza pembe mbili za paji, kisha utosi, mpaka baina yake ukabaki ukanda mwembamba uliokuwa ukijitetea bure. Mama hakulihuzunikia jambo hilo. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na kila upara wangu ulipopanuka yeye aliona kama anarudishiwa kitu. "Kichwa cha marehemu hichi," alikuwa akiwaambia wageni huku akinipapasa, "hakikukosea hata ukucha."

Ushahidi wake ulikuwa faruma. Kwa asiyewahi kuiona, faruma ni kigogo kilichochongwa mviringo, ambacho kofia iliyofuliwa na kutiwa wanga huvalishwa ili ikauke bila ya kusinyaa. Ya kwetu ilichongwa Unguja kwa kipimo cha kichwa cha baba, ikaja Maskati ndani ya sanduku la nguo, na mama, aliyekuwa akishona kofia za viua, zenye vitundu vilivyodariziwa, kwa mkono tangu ujana wake, hakutaka nyingine. Kila Alkhamisi alizifua kofia zangu nyeupe na kuzikausha juu yake; kila Idi alinishonea mpya kwa kipimo hichohicho. Kila Ijumaa nilitoka katika fleti yangu Ruwi nikaenda kula nyumbani kwake Wadi Kabir, nikaacha kofia chafu na kuchukua safi.

Nilizaliwa nikahesabiwa mwanamume. Kwamba mimi ni mwanamke nililijua mapema, nikalinyamazia kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa ng'ambo kwa masomo ya juu, nilimpata tabibu aliyenianzishia homoni za kike pamoja na dawa ya kuzuia zile za kiume. Kuhusu nywele alikuwa mwangalifu wa maneno: kunyonyoka huenda kukasita, zilizopotea karibuni huenda baadhi zikarudi, zilizopotea zamani nisizitarajie. Niliporejea Maskati kufundisha, nilirejea na vidonge vyangu na matarajio madogo.

Mwanzoni hakukuwa na dalili yoyote, isipokuwa kwamba mto wangu wa kulalia ulikuwa safi asubuhi. Baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuacha kujitazama, ncha ya kidole ilikutana na kitu laini juu ya paji. Vilikuwa vinyweleo visivyo na rangi, vya aina tunayoiita malaika, mfano wa vile vilivyo mkononi mwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha nakala za maandishi ya kale, na kazi hiyo humfundisha mtu kulishuku lile analotamani kuliona. Kwa hiyo nilisimama dirishani na kioo mkononi nikatazama kwa mwanga wa asubuhi. Nikasubiri majuma kadhaa, nikatazama tena. Vinyweleo vilikuwa vimekaza na kuingia weusi. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, utosi ulikuwa umefunikwa. Pembe mbili za paji hazikufungika, na mpaka leo hazijafungika. Viliota pale vinyweleo vichache tu, vikaishia hapo.

Sikuona haja ya kujificha zaidi ya nilivyojificha. Katika mji wetu kofia ni sehemu ya vazi, na hapana anayemwambia mtu aivue. Niliamini kuwa hapakuwa na mahali pa salama kuliko chini ya kofia. Sikufikiri kwamba ile niliyoitegemea ilikuwa imeshonwa na mama yangu.

Asubuhi ya Idi alinivika ile mpya. Haikushuka. Aliivuta mbele, akaivuta nyuma, ikarudi juu. Mdogo wake, aliyekuwa akipakua halua, aliangua kicheko.

"Dada, mtazame mwanao! Kofia imemkaa juu juu kama kawa juu ya sinia!"

"Wanga umezidi, mama mdogo," nilisema.

"Wanga! Basi na wewe umetiwa wanga, mbona umekakamaa hivyo?"

Mama hakucheka. Alingoja mpaka mdogo wake alipotoka kwenda kuwapa mkono majirani, kisha akaketi juu ya mkeka na kunionyesha nafasi mbele yake. Nilikaa nikampa mgongo. Akaivua kofia. Nilichokiogopa wakati ule kilikuwa kimoja tu: kwamba akikikosa kichwa cha marehemu, hatakuwa tena na haja na changu.

Vidole vyake viliingia ndani ya nywele, vikatulia.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Zimerudi, mama."

"Za baba yako zilikwenda moja kwa moja. Nilimpaka mafuta ya habasoda, nikampaka ya nyonyo, na yale aliyoletewa kutoka Hindi yakamtia vipele. Hazikurudi. We umepaka nini?"

"Sikupaka kitu. Nnakunywa dawa."

"Ya nywele?"

"Si ya nywele. Nywele zimefuata tu."

Nilimweleza kwa mpango, kama ninavyowaeleza wanafunzi matini ngumu: mimi ni nani, tangu lini, na vidonge vinafanya nini. Alisikiliza bila ya kuutoa mkono wake kichwani mwangu.

"Mie nikidhani maradhi," alisema hatimaye. "Tangu kabla ya Ramadhani nakufulia kofia naona mishono imevutika. Nikasema, mwanangu kichwa kinamvimba, hataki kunambia."

"Si maradhi, mama."

"Alhamdulillahi. Hayo mengine sijui la kusema. Usinihimize."

"Sikuhimizi."

Akaanza kukipapasa kichwa changu upya, polepole, kuanzia kisogoni, akizipenya nywele na kuufuata mfupa kwa ncha za vidole kama anayetafuta mshono ndani ya bitana. Alipozifikia zile pembe mbili tupu za paji, vidole vilikawia.

"Mfupa ni uleule," alisema.

Kisha akaichukua ile kofia ya Idi, akaivalisha juu ya faruma, na kuirudisha faruma kabatini. Akakata uzi kutoka katika kibunda chake cha nyuzi, akauzungusha kichwani mwangu juu ya nywele zote, akafunga fundo ulipokutana.

"Ya kutokea nje ntakushonea pana, izifiche zote," alisema. "Humu ndani, vua."