Mwongozo Uliomshitaki Papa Sebarenzi

Ukiuliza pale Mubi, mashariki mwa Kongo, Anne Uwamwezi anafanya kazi gani, utapata majibu ya kila namna. Muuza vipuri vya pikipiki, aliyempangisha chumba cha nyuma ya duka, husema Anne anaziandikia mashine barua. Madereva wa malori waliposikia, wakamuuliza Anne kama mashine hujibu. "Hazijibu, zinatii," akawaambia, na tangu siku hiyo wanawake wa sokoni wanamwonea wivu, maana wao hata waume zao hawajawahi kuwatii.

Kazi yenyewe wala si uchawi. Kijana mmoja wa Goma, Esdras, ametengeneza programu ya simu ya kumsaidia mtu kufuatilia tabia zake: anayetaka kuacha sigara, anayetaka kusali kila asubuhi, anayetaka kutembea kwa miguu. Anayezungumza na watu hao si Esdras, ni mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazosoma mwongozo kisha zinafanya kazi zenyewe: kuuliza, kuweka alama, kutuma habari. Mwongozo huo ndio Anne anaouandika. Ukimwandikia binadamu ukasahau jambo, atatumia busara yake. Wakala hana mjomba wa kumuuliza. Kilichoandikwa ndicho atakachofanya, basi. Anne anaipenda kazi hii kupita kiasi. Hucheka peke yake mbele ya kompyuta hadi muuza vipuri anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Mtu wa kwanza aliyemwingiza kwenye programu alikuwa baba yake, Papa Sebarenzi, mkulima wa maharagwe kwenye vilima vya Masisi. Ni mcheshi na mchapakazi, ila alikuwa hajui kuipita kasiksi, ile pombe ya ndizi, bila kuisalimia. Mkewe, Mama Mukamurenzi, alivumilia mpaka akachoka, akafunga vitenge vyake, akaenda kwa kaka yake, kule Buleusa. Alisema atarudi wakati wa mavuno ya maharagwe, kama mzee atakuwa hajaonja. Neno la mzee mwenyewe hakulitaka, alishalisikia sana. Basi wakala akapewa kazi: kila jioni amuulize Papa, na kila Jumamosi amtumie Mama ujumbe wa sauti kwenye simu ya kaka yake. Mama akaridhika, kwa sababu chombo hakina urafiki na mtu.

Mambo yakaenda vizuri. Papa alijibu kila jioni kwa sauti ya mhubiri. Halafu Jumamosi moja akampigia Anne simu.

"Anne, mashine yako inasema nimeanguka! Inasema tuanze tena ku mwanzo. Na imeshaambia mama yako!"

"Papa, ulikunywa?"

"Hata tone! Mungu iko ananiona."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa Mukagasana."

Mukagasana ndiye mwenye kabare, kilabu cha kasiksi, juu kabisa ya kilima chao.

"Ku kabare, Papa?"

"Sasa ningesimama wapi, mutoto wangu? Huku kwetu rezo ya simu inashika pa mulango wake tu! Kila jioni niko napanda kule, kuambia mashine yako kama sikunywa!"

Anne alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha kicheko kikamkauka, maana alikumbuka kanuni aliyoiongeza wiki ile ile, tena huku akijisifu kwa akili zake: "Simu ikionekana jioni mahali panapouzwa pombe, hesabu kwamba mtu ameanguka, bila kuuliza." Alipoiandika hakuwa akimfikiria mtu mwingine yeyote. Alikuwa akimfikiria baba yake, na hakumwamini. Hilo lilimuuma kweli.

Akampigia Esdras. "Kaka, ile kanuni ya mahali, naifuta."

"Dada Anne, bantu wanadanganyaka, wanasemaka bongo."

"Waseme. Wakala aulize muntu kwanza."

Esdras akaguna, akakubali. Anne akafuta, akaandika upya: "Mahali alipo mtu si ushahidi wa alichofanya. Muulize mwenyewe, na umwamini." Kisha akamtumia Mama ujumbe wa kusahihisha. Haukufika. Akapiga simu, haikupita. Jumapili kanisani aliimba bila kujua anaimba nini. Aliona ameivunja nyumba ya wazazi wake kwa sentensi moja.

Jumatatu jioni namba ya Papa ikaita. Aliyekuwa akizungumza ni Mama, tena anacheka.

"Mama! Uko wapi?"

"Ku kabare!"

Mama akamweleza. Alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini, akapanda moja kwa moja kwa Mukagasana amtoe mumewe humo kwa sikio. Akamkuta amesimama mlangoni, mkono juu na simu, anapiga kelele, "Leo pia hapana!" Nyuma yake Mukagasana ameshika ufagio, anamsihi ahame, kwa vile amewazibia wateja njia na hajawahi kununua hata glasi.

"Lakini Mama, nilikutumia ujumbe wa kusahihisha. Uliupata?"

"Ujumbe gani? Simu ya mujomba wako ilizimika tangu Jumamosi."

"Basi ulichojua ni kwamba ameanguka. Mbona umerudi? Ulisema hautarudi akionja."

"Njo sababu nilikuja," Mama akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Kama ingesema iko muzuri, ningengoja maharagwe. Iliposema ameanguka, nikajiuliza, nani atamuinua? Ile mashine haina mikono."

Anne akalia kwa furaha, kwa sauti, bila kujali ukuta wala mwenye duka. Alipomaliza, alifungua mwongozo mahali panapoeleza la kufanya mtu akianguka. Palikuwa pameandikwa tu: "Anza kuhesabu upya." Juu ya maneno hayo akaongeza: "Kwanza muulize kama angependa umwitie mtu."