Wazee Waliponiposea Ufadhili

Kwetu Koboko mtu hajiombei jambo kubwa. Akitaka mke, wazee humwendea. Akitaka kiwanja, wazee haohao. Mimi daktari mzima nilidhani desturi hiyo inaishia kwenye lango la hospitali.

Miaka ile ya sabini nilitafuta ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea upasuaji wa mifupa. Niliandika huku na huku mpaka nikachoka. Hatimaye ukapatikana mmoja, kwa sharti kwamba mkuu wangu pale hospitali ya Arua, mpasuaji mzee kutoka kusini mwa nchi, anipendekeze. Naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Aliniambia, "Ijumaa utaunganisha paja lililovunjika, mimi nikitazama. Nikiridhika, nitakupendekeza." Nilifurahi mno. Nilitaka aione mikono yangu.

Basi nikamsimulia mama. Alhamisi shangazi zangu wakateremka Arua pamoja na mjomba. Mjomba alikuwa dereva wa jeshi, kazi yake kupeleka unga na maharagwe kambini, lakini siku hiyo alivaa magwanda yaliyopigwa pasi, akaegesha lori mbele ya wodi. Walileta na kondoo dume.

Shangazi walinisimulia baadaye, kwa fahari, maneno ambayo mjomba alimwambia mkuu wangu.

"Daktari, sisi nakuja na heshima. Mutoto yetu iko na mukono muzuri. Sisi naomba wewe tu. Hapana kataa."

Kwao hiyo ilikuwa posa. Mkuu wangu yeye aliona magwanda ya mtu wa Koboko, kwao rais mwanajeshi aliyetawala, na wakati ule watu wengi waliofuatwa na magwanda hawakurudi nyumbani. Alisaini barua ya kunipendekeza papo hapo.

Nilipotoka chumba cha upasuaji nilikuta kondoo amefungwa kwenye nguzo ya baraza, shangazi wanapiga vigelegele, wauguzi wanatazama chini. Nilitamani ardhi inimeze. Niliwapenda wale watu, na saa ile niliwaonea haya mpaka nikashindwa kuwaamkia.

Nikaingia ofisini kwa mzee. Akasimama. Hakuwahi kusimama kwa ajili yangu hata siku moja.

"Na paja la kesho?" nilimwuliza.

"Hakuna haja, bwana."

Bwana! Juzi tu alikuwa ameniita mzembe mbele ya wodi nzima kwa ajili ya mshono mmoja, na sasa nilikuwa radhi anitukane tena.

Nikaanza kumweleza desturi yetu. Hakusikiliza. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake alichukuliwa na wanajeshi akiwa kazini, na mpaka leo hajulikani aliko. "Niombee kwa mjomba wako. Alichotaka nimekwisha kumpa."

"Mzee, mjomba wangu ni dereva tu. Anabeba maharagwe."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza.

"Samahani kwa kukusumbua," alisema, akanifungulia mlango.