Nilinunua pikapu ya 404 Kiritiri, kumbe njia ya kuitoa ni juu ya kaburi

Wakuu, hamjambo huko mliko. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia nikiwa mkali. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, bado ananyonya, nakaa Kibirichia. Shule niliishia form four, lakini gari naijua, nimekulia kwa gereji ya baba Meru town. Tangu utotoni nimetaka pikapu ya 404, ile ya zamani, niirudishe vile ilitoka kiwandani.

Huku kwetu baridi na mvua zinakula bodi mpaka unaitoboa na kidole. Ukitaka gari ya zamani isiyo na kutu, unatafuta kwa watu wa jua. Kwa hivyo nilipoona moja imewekwa mtandaoni kutoka Kiritiri, kule kwa jua kali, sikulala kwa hiyo habari.

Wauzaji walikuwa ndugu wawili. Walisema ni ya marehemu baba yao na familia nzima imekubali. Picha zilikuwa safi. Mkubwa akaniletea karatasi mpaka Meru, zilikuwa sawa, nikalipa bila kufika huko.

Nitukaneni, nimeshajitukana.

Siku ya kuichukua nilienda na fundi wangu Mutwiri na breakdown ya kukodisha, lile lori la kuvuta magari, mtoto mgongoni. Tukaingia kwa boma. Pikapu ilikuwa pale, imekauka vizuri, mbuzi wamelala nyuma.

Halafu nikaona kwa nini picha zote zilipigwa kutoka ubavuni.

Nyuma ya gari kuna ukuta wa mawe wa jirani. Huku jikoni, huku tangi la maji la simiti. Mbele, pale gari inafaa kutokea, kuna kaburi. Limejengewa simiti, lina msalaba. La mzee mwenyewe.

Dereva wa breakdown akaangalia akasema, "Madam, hiyo si shida. Tunalaza mbao mbili, winchi inavuta, tairi zinapita juu polepole. Mzee hatasikia."

Wale ndugu wakacheka. Wakuu, walicheka kaburi la baba yao.

Mimi nikakataa. Mkubwa akaniuliza, "Kwani mama mtoto, ulinunua gari ama ulinunua kaburi?"

Nikamwambia, "Nilinunua gari. Kaburi mlinificha."

Hapo ndipo cucu, bibi mzee wa hilo boma, akatoka jikoni. Mama yao. Akauliza hawa watu wanatafuta nini. Yule mdogo akaangalia chini. Yaani mwenye boma hakuwa ameambiwa gari imeuzwa. Familia nzima ilikuwa ni wao wawili.

Nikamsalimia, nikamweleza yote, na nikamwambia akikataa narudi nyumbani bila gari, nitapambana na vijana wake baadaye. Ile gari ndiyo ndoto yangu yote, na mbele yangu kuna mwanamke ambaye watoto wake wamemfanya mgeni kwake.

Cucu alisogea mpaka kwa gari. Akagusa boneti kama mtu anapima mtoto homa. Kisha akasema, "Gari sikatai, itanifaa nini mimi. Lakini mzee hamtampita juu. Amebeba wagonjwa wa hii Kiritiri na hiyo gari na hakuwahi kukanyaga mtu."

Mkubwa akasema basi gari itaozea hapo na pesa hairudi, akawasha pikipiki akaenda. Mdogo akamfuata.

Sasa wenye kurestore magari ya zamani mnisikilize. Gari ya kurestore lazima ifunguliwe mpaka ibaki chesisi, ile fremu tupu ya chini. Hiyo kazi ningefanya Kibirichia. Nikamuuliza Mutwiri, kwani hapa spana zinakataa kufungua?

Mutwiri akasema, "Wewe ni mwenda wazimu." Akaenda kuleta spana.

Tuliifungua pale pale. Milango, boneti, viti, kabini. Cucu alichukua mtoto wangu akamlisha uji, na akaita majirani, wanaume kwa wanawake. Walipitisha kila kitu kwa mkono, kando kando ya tangi, mahali mtu mmoja anapita akijibana, na kabini na chesisi wakaziinua juu ya tangi. Dereva wa breakdown alinung'unika, halafu akavua shati akasaidia.

Cucu alikaa kwa stuli kando ya kaburi, mtoto kwa mapaja. Injini ilipopita, imefungwa kwa mti mrefu, wengine mbele wengine nyuma, alisimama. Wanaume wakavua kofia bila kuambiwa. Wakaibeba hivyo mpaka ikafika kwa lori.

Nimezika watu wangu lakini sijawahi kuona vile.

Saa hii pikapu iko kwangu vipande vipande. Bodi ni safi kabisa. Itachukua muda.

Juzi yule mkubwa amenipigia. Anataka kujua nitamaliza lini, ana harusi, angetaka bibi harusi aletwe na gari ya mzee. Nikamwambia aombe ruhusa kwa mama yake kwanza, na amuombe mbele ya watu.

Bado hajapiga tena.

Nilichojifunza: gari ya zamani iendee mwenyewe, izunguke pande zote, uulize itatoka wapi. Na usiongee na vijana wa boma peke yao. Uliza mama yuko wapi, na uketi umngoje.

Kuna mwingine ameuziwa kitu mwenye nyumba hajui? Ulifanyaje? Na mwenye taa za mbele za 404 ambazo hazijapasuka, aseme hapa chini.