Mnyororo Mpya Kwenye Pawa ya Zamani

Miaka ya sabini nilikuwa na pawa, yaani msumeno wa injini, na siku moja niliipeleka kwa wakwe zangu karibu na Angurai kukata mti ulioangushwa na upepo. Mnyororo mpya nilikuwa nimeununua Busia. Niliulaza kando ya ule wa zamani nikaona urefu ni ule ule, nikalipa.

Pawa ilipowaka, mnyororo ulirukaruka kwenye gia ukakwama. Rafiki yangu niliyekuja naye, fundi wa baiskeli pale Malaba, akasema umelegea. Tukaukaza, ukakwama zaidi. Tukaulegeza, ukatoka kabisa. Akataka kuupunguza pingili moja kama anavyofanya kwa baiskeli, nikamwambia aweke nyundo chini kabla hatujagombana.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa desturi mimi na yeye hatukukaribiana, kwa hivyo alimtuma mke wangu.

“Mama anauliza kama mlihesabu pingili.”

Tulikuwa hatujahesabu. Tukahesabu: mnyororo mpya ulikuwa na pingili chache kuliko ule wa zamani, kila moja ndefu kidogo, na meno ya gia yangu hayakuweza kuzishika. Tukaunoa ule wa zamani kwa tupa, na kufika saa saba mti ulikuwa vipande.

Tuliletewa kuku. Nikatafuta firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume wa kuheshimiwa, nikaikosa.

“Mama amesema firigisi ni ya fundi,” mke wangu akasema, “na fundi wa leo alikuwa jikoni.”