Jenereta Inapozimika

Karakana nzima ilimwita seremala yule Jenereta. Mchana, akishakula, alijilaza chali juu ya benchi na kukoroma mpaka misumari ikacheza kwenye kopo.

Pua zake zilikuwa zimeziba miaka mingi. Vumbi la mbao, alisema, na mafua yasiyoisha. Zamani alitambua mti kwa kuunusa. Siku hizi hata vanishi haikumfikia. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala, mdomo mkavu kama msasa. Mkewe naye alikuwa akisinzia hovyo, hata akichambua maharage. Seremala alimwona mvivu.

Siku moja mkewe alimletea chakula, akasubiri vyombo. Jenereta akala, akalala, akawaka.

“Shemeji,” mpiga vanishi wa karakana akamtania mke, “na mashine hii majirani hawajaomba kuunganishiwa umeme?”

Watu wakacheka. Mara mkoromo ukakatika.

“Mafuta yameisha!”

Wakazidi kucheka. Kifua kilihangaika kuinuka, pumzi isiingie. Kicheko kikafifia, kikafa. Mke, huku bado anafuta bakuli, akanyoosha mkono, akamfinya mumewe sikio na kumsukuma alale ubavu. Seremala akavuta hewa kwa kishindo kama aliyeibuka majini.

“Kumbe umezoea?” mpiga vanishi akauliza, sauti chini.

“Si ndiyo kazi yangu ya usiku, shemeji. Nikilala mimi, nani atamfinya?”

Seremala alikuwa macho. Aliyasikia yote, akabaki ameuelekea ukuta.

Kesho yake asubuhi alikwenda hospitali. Daktari alimchungulia puani: uvimbe wa siku nyingi, mpaka kwenye matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso.

“Pua ikiziba unalala mdomo wazi, koo linabanwa. Tukiitibu, mkoromo unaweza kupungua. Lakini hiyo pumzi kukatika, mzee, lazima tuipime ukiwa usingizini. Dawa ya pua peke yake huenda isitoshe.”

Alirudi kazini na dawa ya kupuliza, na uchovu uleule.

Mkewe alipoleta chakula, usingizi ulimbeba mke palepale, shavu juu ya rundo la mbao. Mpiga vanishi akataka kuwasha msumeno.

“Uache kwanza,” seremala akasema.

“Na wewe leo hujilazi?”

“Leo zamu yangu.”

Akavuta kigoda karibu na mkewe, macho yakimwuma, akaisikiliza pumzi yake ndogo ikiingia na kutoka, bila kukatika.