Mtoto wa Kapalamsenga alisema hataki, supavaiza akataka nimlazimishe

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Atakayeona naongopa, nyuzi zingine zipo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kawajense, hapa Mpanda. Nilipata kazi ya kukusanya data za utafiti Kapalamsenga, baada ya mafuriko kubomoa nyumba za watu. Tulikuwa tunahoji watoto.

Semina ya kutuandaa ilikuwa nzuri tu: mzazi akubali, halafu mtoto naye aulizwe. Akikataa, unashukuru unaondoka.

Siku ya tatu nikafika kwa mama mmoja aliyehifadhiwa kwa dada yake. Mtoto wake wa mwisho alichukuliwa na maji. Kabaki binti wa miaka kumi na moja.

Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa hata sijamaliza kuisoma. Nikamuuliza binti kama yuko tayari kuongea kuhusu siku ile.

"Sitaki."

Akaendelea kuchambua dagaa.

Nikafunga kishikwambi. Supavaiza wetu, msomi haswa, akanivuta nje.

"Mama ameshasaini. Rudi ukambembeleze. Stori kama hii ndiyo wafadhili wanaitaka."

"Mama kasaini, mtoto kakataa."

"Mtoto anajua nini?"

Wakuu, nilichemka. (Nina binti wa umri huo huo.) Nikamwambia anajua alichokiona, sisi hatujui.

Akasema basi ataingia mwenyewe. Nikasimama mlangoni. Sikumgusa wala kumtukana, nilisimama tu.

Mama akasikia, akaja.

"Dada, kwani asipoongea mtatutoa kwenye orodha ya mahindi ya msaada?"

Kumbe ndiyo maana aliwahi kuweka dole. Nikamjibu mama, supavaiza akiwa pale pale: fomu hii haihusiani na msaada wowote, hakuna wa kukufuta.

Mama akaomba fomu yake. Akaichana vipande vinne.

Jioni nikaambiwa nirudishe kishikwambi, kazi yangu imeisha. Mume wangu akanuna wiki nzima, eti nimechezea riziki.

Sijutii. Nimewaandikia waliotoa kibali cha utafiti, hawajajibu. Nitaandika tena.

Nilichojifunza: sahihi ya mzazi mwenye njaa siyo ruhusa. Na mtoto aliyefiwa hana deni la kutusimulia chochote.

Watafiti mliomo humu, anayeona nimekosea aje na kifungu kinachoruhusu kumlazimisha mtoto. Akiweke hapa tukisome wote.